Unaokoa ndoano, unaua samaki

Wadau, leo nina ugomvi na wavuvi wa wikiendi. Siwasemi wazee wa Kurasini wanaotafuta kitoweo cha familia. Akipata samaki, amle, ni haki yake. Nawasema wenzangu wenye digrii, wanaoshuka na mshipi kando ya maji kupunga upepo, kisha wakinasa chewa wa ukubwa wa kiganja wanajifanya wanamazingira: "Mrudishe huyo, bado mdogo!"

Safi. Tatizo ni kwamba huyo mdogo ameshaimeza ndoano mpaka ndani. Hapo ndipo unyama unapoanza. Anabanwa na kitambaa kikavu, mshipi unavutwa kwa nguvu, ndoano inatoka na vipande vya nyama. Halafu anarushwa baharini na watu wanapiga makofi. Jamani, huyo mmemrudisha au mmemzika?

Na yote hayo kwa ajili ya ndoano! Kitu cha bei ya vocha. Unaokoa kipande cha chuma, unaua samaki, kisha unajiita mhifadhi.

Moyo wa samaki uko karibu kabisa na koo, nyuma ya mashavu anayopumulia. Ukivuta ndoano iliyozama huko, unararua pasiposhoneka. Tafiti nyingi za uvuvi zimeonyesha kwamba samaki aliyemeza ndoano kwa kawaida ana nafasi kubwa zaidi ya kupona ukikata mshipi karibu na mdomo na kuiacha ndoano humo humo. Wengine huitoa wenyewe baadaye.

Kwa hiyo: lowesha mikono, maana ule ute unaoteleza ni kinga yake. Usiingize vidole kwenye mashavu. Kata mshipi mfupi, usimwachie mkia wa kunasa kwenye mawe. Usimrushe. Mshike ndani ya maji mpaka aondoke mwenyewe. Na usiache mshipi umelala huku unachati, kwani ndivyo ndoano inavyomezwa. Ukiweza, tumia ndoano za duara, ambazo mara nyingi hunasa pembeni mwa mdomo.

Mnaona ni jambo dogo? Maji yanayopita chini ya Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, yanaungana na mikoko ya Mtoni, inakomwaga mito ya Mzinga na Kizinga. Kwenye mikoko ndiko samaki wengi wachanga wanakolelewa. Na chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, baadhi hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Yule mdogo unayemrarua leo angekuwa mama kesho.

Mtaniambia samaki ni kitoweo, kumrudisha ni mambo ya Wazungu. Sawa, basi mpelekeni nyumbani mkamkaange! Huyo nitamheshimu kuliko anayerudisha maiti ili aonekane mstaarabu. Kula au rudisha, chagua moja. Ila ukisema unarudisha, mrudishe akiwa hai, na hiyo ndoano isamehe.