Uhuru Hauhitaji Mgeni Rasmi

Serikali ikitangaza kwamba hakutakuwa na gwaride tarehe 9 Desemba, mtaani husikika kauli moja tu: "Mwaka huu Uhuru umefutwa." Tuliisikia mwaka 2015, Rais John Magufuli alipoagiza siku hiyo iwe ya usafi na fedha za sherehe zikapanue barabara ya Mwenge hadi Morocco, Dar es Salaam. Tukaisikia tena mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipoelekeza shilingi milioni 960 zikajenge mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Sina ugomvi na barabara wala mabweni. Ugomvi wangu ni na sisi wananchi, tunaoamini kwamba gwaride likiahirishwa basi na sikukuu imekwisha, imebaki siku ya kufua nguo na kulala.

Imani hiyo ni potofu, na inatunyang'anya kilicho chetu. Uhuru wenyewe haukuanzia uwanjani. Bibi Titi Mohamed aliwaingiza wanawake TANU kwa maelfu, na alianzia kwenye vikundi vya ngoma, kwa akina mama waliokwisha kujuana harusini na misibani. Mwalimu Nyerere alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955, alipokelewa Kariakoo nyumbani kwa Abdulwahid Sykes. Uwanja wa Taifa ulikuja mwisho, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza iliposhushwa. Kufikia usiku huo kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika, barazani na uani mwa watu.

Kwetu Morogoro sikukuu hii haijawahi kungoja tangazo la Ikulu. Utaratibu wetu ulianzia kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba, Kilosa, alikokulia bibi yetu. Huko manamba walitoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Ruanda-Urundi. Hakuna aliyekuwa na shangazi wala mjomba wa karibu. Jirani wa kambini ndiye alikuwa ndugu. Walipopata siku ya mapumziko isiyo ya dini ya mtu wala kabila la mtu, wakala pamoja. Tumeendelea hivyo hivyo. Mmoja analeta mchele, mwingine mafuta, mwingine mkaa. Mbuzi anachinjwa na jirani yetu Mwislamu, hata kama aliyemnunua ni Mlutheri, ili pasiwe na mtu wa kukaa pembeni na sahani ya kachumbari. Hilo halijadiliwi, wala halikumbushwi. Kisu kinapelekwa kwake tu.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Siku ya Idi rafiki yangu Mkristo anakuja kwangu kama mgeni. Siku ya Krismasi mimi ndiye mgeni wake. Tunapendana, tunashibishana, lakini mmoja wetu yuko kwenye sikukuu ya mwenzake. Tarehe 9 Desemba hakuna mgeni. Kila aliyekaa kwenye jamvi amekuja kwenye sikukuu yake mwenyewe. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 haina siku nyingi za namna hiyo, nasi tumeiacha kwa bendi ya polisi na jukwaa la viongozi.

Najua kisingizio cha kwanza: hali ni ngumu, fedha hakuna. Lakini ni sisi hawa tunaokaa kwenye kamati za harusi miezi mitatu, tukichangia kadi, ukumbi, mapambo na keki, kisha send-off yake, kisha kitchen party. Siku ya Uhuru haidai ukumbi. Inadai sufuria, mkeka na watu watano waliopigiana simu wiki moja kabla.

Kisingizio cha pili ni kizito zaidi, nami nakiheshimu. Kijana aliyemaliza chuo na hana ajira anauliza: nisherehekee nini? Nasema aje na swali hilo hilo. Uwanjani hawezi kuliuliza. Kule hotuba inasomwa, makofi yanapigwa, watu wanatawanyika. Nyumbani kwetu maswali hayo huulizwa sahani zikiwa bado mkononi. Wazee huulizwa waliifanyia nini nchi waliyokabidhiwa, na mashamba ya mkonge yaliyotaifishwa mwaka 1967 yaliharibikaje mikononi mwa wenyewe. Wakati mwingine sauti zinapanda, bibi anaingilia. Mzee aliyewahi kuwa karani wa shamba hujibu anachokijua, na pale asipokuwa na jibu hubanwa mpaka akiri, maana anayemuuliza anaishi nyumba ya tatu kutoka kwake na watakutana tena kesho bombani.