Dawa Pasipo Kipimo

Tangu mwaka 2001 dawa ya imatinibu imewarudisha kazini watu wengi wenye lukemia sugu ya mailoidi, yaani saratani ya damu. Lakini kujisikia mzima si kupona. Chembe nyeupe zaweza kurudi kiasi chake, hali zile zenye jeni mbovu ya BCR-ABL zingali zikizaana ndani ya uboho. Jeni hiyo hupimwa kila miezi 3. Baada ya mwaka yapasa isizidi asilimia 0.1. Ikipanda, ama mgonjwa ameacha vidonge, ama dawa imeshindwa.

Mashine ya GeneXpert, tuliyoizoea kwa kifua kikuu, huipima ikitiwa katriji yake. Basi katriji hizo zisikosekane Hospitali ya Benjamin Mkapa, mkulima wa Kongwa asilazimike kuzifuata Dar es Salaam.