NANI ANAYELIPIA PICHA TUNAZOTAZAMA?



Wengi wenu mnakumbuka siku ile ya mgomo tulipokusanyika nje ya lango la kiwanda, na motokaa ya kituo kimoja cha televisheni ikaja na vijana wawili na kamera. Walituuliza maneno, tukawajibu kwa adabu. Walipiga picha za mabango yetu, na mama mmoja wa idara ya kufunga akawaonyesha mkono wake ulioungua kwa dawa. Jioni tulikaa mbele ya televisheni, wengine majumbani, wengine katika hoteli za chai. Habari zikapita, michezo ikapita, hali ya hewa ikapita. Sisi hatukuonekana. Kilichoonekana, mara tatu kabla ya saa nne, ni tangazo la bidhaa ile ile tunayoitengeneza kwa mikono yetu, likiimbwa na watoto.

Hatukitaji kituo hicho. Vijana wale wawili ni wafanya kazi kama sisi, na mmoja wao alitupigia simu kesho yake kuomba radhi. Hakueleza sababu, wala sisi hatukumwuliza.

Wanachama walikuja ofisini na hasira wakisema waandishi wamehongwa. Sisi hatuoni hivyo. Hongo ni shauri la mtu na mtu, na laweza kukomeshwa kwa kumfunga mtu. Hili letu ni shauri la nani mwenye kampuni na nani anayeijaza mfuko, nalo halina haja ya hongo hata kidogo. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Basi na tutazame ni mikono ya nani iliyokuwa ikilambwa.

Tuanze na senema, maana senema ilitufikia kwanza. Katika mwaka wa 1935 mpaka 1937 kulikuwa na kazi ya kutengeneza picha za Waafrika pale Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Zilitengenezwa picha fupi zaidi ya thelathini, zikazungushwa kwa lori mpaka Kenya, Uganda na nchi za kusini. Mojawapo ilifundisha mtu faida ya kuweka pesa katika benki ya posta. Fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la New York, na makampuni ya migodi ya shaba ya Northern Rhodesia nayo yakatia mkono. Sasa kumbukeni mwaka wenyewe. Mwezi wa Mei 1935 wachimbaji wa migodi hiyo hiyo waligoma kwa sababu ya kodi, na huko Luanshya watu sita wakapigwa risasi wakafa. Senema ya kufundisha kuweka akiba ilipata mlipaji. Senema ya kueleza kwa nini mchimbaji hana cha kuweka haikupata, na hakuna aliyehitaji kuipiga marufuku.

Televisheni ilifika Kenya mwaka wa 1962, mtambo wake ukiwa katika nyumba ya shamba huko Limuru, na picha zake hazikufika mbali. Walioianzisha pamoja na Serikali ya wakati ule walikuwa muungano wa makampuni, mengi ya nje, na kati yao ilikuwamo kampuni ya Bw. Roy Thomson, Mkanada aliyekuwa pia na televisheni ya Scotland. Bwana huyu ndiye aliyesema kwamba ukipewa leseni ya televisheni ni sawa na kupewa ruhusa ya kujichapia noti. Twamshukuru kwa kusema kweli, maana matajiri wengi huficha. Kwake, kipindi kilikuwa kamba ya kuwavuta watu waje kutazama matangazo ya biashara, na watu hao ndio bidhaa iliyouzwa kwa mwenye sabuni.

Tarehe 1 Julai 1964 Serikali ya uhuru ililitwaa shirika lote, likawa Sauti ya Kenya, chini ya wizara ya Bw. Achieng Oneko. Wafanya kazi wengi walifurahi, na haki yao. Kuiacha sauti ya nchi mikononi mwa wageni wenye hisa ilikuwa aibu. Lakini na tuseme yote: wanachama wenye umri wanakumbuka kwamba kwa miaka mingi baadaye mgomo haukuonekana katika Sauti ya Kenya pia, ila kama ni Waziri anaukemea. Mwenye mali alibadilika, mlango wetu ukabaki umefungwa. Serikali nayo ni mwajiri, tena mwajiri mkubwa kuliko wote. Mwaka wa 1989 sheria mpya ililifanya shirika hilo kuwa KBC, na mwaka huo huo likakopa fedha nyingi kutoka Japani kwa ajili ya mitambo, Serikali ikiwa mdhamini. Shirika likashindwa kulipa, Hazina ikawa ndiyo inayolipa. Yaani ninyi. Msidhani televisheni ya bure ni ya bure.

Sasa tufike kwenye kisa ambacho twataka kila mwanachama akisome mara mbili.

Kituo cha kwanza kisicho cha Serikali, KTN, kilianza mwaka wa 1990. Walioshirikiana katika shauri hilo ni chama kilichotawala, KANU, na Mwingereza mmoja tajiri wa magazeti aliyeitwa Robert Maxwell. Watu hao hao, kwa kampuni yao ya Kenya Times, ndio waliotaka mwaka wa 1989 kujenga nyumba ya orofa sitini katikati ya bustani ya Uhuru Park, pale mfanya kazi wa Nairobi anapolala kwenye majani saa ya chakula cha mchana kwa kuwa hana nauli ya kurudi nyumbani. Sehemu kubwa ya fedha ingekuwa ya kukopa nje. Bibi Wangari Maathai aliandika barua, akatukanwa Bungeni. Akaenda kortini, shauri lake likatupwa. Lakini wakopeshaji wa nje walisita, na nyumba haikujengwa. Bustani ingali pale.

Na huyu Maxwell fedha zake zilitoka wapi? Mwezi wa Novemba 1991 alianguka baharini kutoka katika meli yake karibu na visiwa vya Canary, akafa. Alipokwisha kuzikwa vitabu vya hesabu vikafunguliwa. Ikaonekana kwamba kutoka katika akiba ya uzeeni ya wafanya kazi wake wa gazeti la Mirror na makampuni yake mengine zilikuwa zimetolewa zaidi ya pauni milioni 400, kuyashikilia makampuni yake yasianguke. Wapiga chapa, makarani, madereva, watu waliokatwa mshahara kila mwezi kwa miaka thelathini, waliamka asubuhi wakaambiwa sanduku lina tundu. Uingereza ilibidi itunge sheria mpya ya akiba za uzeeni mwaka wa 1995.

Hatusemi pauni fulani ya mzee fulani wa London ilinunua kamera fulani ya Nairobi. Hilo hatuna haja nalo. Twasema kwamba ukimwona tajiri amekuja na mitambo inayometameta, uliza fedha ni za nani, maana wakati mwingine ni za mfanya kazi mwenzako ambaye hajaulizwa.

KTN baadaye iliingia mikononi mwa kampuni ya gazeti la Standard, na siku hizi vituo ni vingi hata mtoto hawezi kuvihesabu. Watu husema wingi huo ni uhuru, nasi hatukatai kwamba mambo ni afadhali kuliko zamani. Lakini karibu vyote hula katika sahani mbili tu. Ya kwanza ni matangazo ya makampuni makubwa: simu, benki, pombe, sabuni, na makampuni ya kamari ambayo yamewafilisi vijana wetu. Ya pili ni matangazo ya Serikali. Mwezi wa Machi 2024 wizara iliagiza kwamba matangazo ya Serikali ya redio na televisheni yapelekwe KBC peke yake. Kituo kinachongoja pesa za Serikali, au kinachoogopa kunyimwa, kitasema kwa sauti gani? Tena kituo kikikosa pesa, wa kwanza kuachishwa kazi ni yule kijana wa kamera, wala si mwenye hisa.

Iko pia habari ya minara. Mwezi wa Februari 2015, wakati wa kuhama kwenda mitambo ya dijitali, vituo vikubwa viligombana na Serikali juu ya nani atarusha picha zao. Leseni za kurusha zilikuwa mbili, moja ya kampuni ya KBC na moja ya kampuni ya Kichina. Vituo vikabaki giza karibu majuma matatu, mpaka wakapata mtambo wao wa pamoja. Tarehe 30 Januari 2018 Serikali ilivizima vituo kadhaa, na tarehe 25 Juni 2025, vijana walipokuwa barabarani, wakubwa wa mawasiliano wakazima tena mitambo kule Limuru mpaka korti ilipozuia. Limuru ile ile ya 1962.

Na wale wanaolipia kila mwezi ili watazame mpira wajue kwamba mwenye DStv na GOtv amebadilika. Mwezi wa Septemba 2025 kampuni ya Canal+ ya Ufaransa ilimaliza kuinunua MultiChoice ya Afrika Kusini. Mwenye sehemu kubwa katika Canal+ ni jamaa ya Bolloré, na jina hilo wenzetu wa bandari ya Mombasa wanalijua kwa kazi ya mizigo, ambayo Bolloré aliiuza mwaka wa 2022 kwa kampuni ya meli ya MSC. Jana mwajiri wako wa makontena, leo mwenye mpira wako.

Lakini hapa liko jambo la kujifunza. Sheria ya Afrika Kusini haimruhusu mgeni kushika zaidi ya asilimia 20 ya kura katika kampuni yenye leseni ya utangazaji, kwa hivyo kampuni ya leseni ilibidi itengwe peke yake. Tena makampuni mawili yakitaka kuungana kule, vyama vya wafanya kazi hupewa habari na huweza kusimama mbele ya baraza na kusema. Ununuzi huu ulipita kwa sharti kwamba wafanya kazi wa kule wasipunguzwe kwa miaka mitatu kwa sababu ya muungano. Sharti hilo ni la kwao, si la Nairobi. Hata hivyo sheria yetu ya mashindano ya biashara ya mwaka 2010 nayo yasema kwamba ajira itazamwe makampuni yanapoungana. Sheria tunayo. Aliyekwenda kusema kwa ajili yetu ni nani? Twaona haya kuandika jibu, maana sisi wa ofisi tulilala.

Kwa hivyo halmashauri imefanya mambo haya. Tumeiandikia KBC, ambayo sheria yake yaitaka itangaze bila kupendelea, tukiomba nafasi ya kueleza shauri la dawa zinazounguza mikono katika idara ya kufunga. Wakikataa, tutachapa jibu lao hapa neno kwa neno. Tumewaomba pia vijana wenye simu nzuri wapige picha wenyewe kila mkutano, na gharama za kuzisambaza zitoke katika ada zetu, ili mlipaji awe sisi.

La tatu ni akiba yetu ya uzeeni. Sheria ya mwaka 1997 yakataza fedha hizo kukopeshwa mtu ye yote, na wadhamini wengine huchaguliwa na sisi wanachama. Uchaguzi uliopita walipiga kura watu wachache sana, na mdhamini mmoja hakuwa na mpinzani. Halmashauri imemwandikia mwajiri barua ya kuuliza fedha zimewekwa wapi, shilingi kwa shilingi, na siku kumi na nne alizopewa zitakwisha kabla ya mkutano wa tawi, Jumapili ya pili, saa nne asubuhi, ukumbi ule ule. Anayetaka kusimama kwa udhamini alete jina lake kwa karani pamoja na watu wawili wa kumwunga mkono. Fomu ziko mezani.