Usiuze Laptopu, Fagia Kioo Kwanza!

Leo naomba niseme na ninyi vijana wenye laptopu ndogo, zile za mtumba mnazochukua Kariakoo. Maana nimechoka kusikia wimbo ule ule: "Kaka, kioo hiki kidogo mno, kazi haiendi. Natafuta mteja, niongeze hela nichukue kubwa."

Ngoja kwanza, mshikaji! Hela yenyewe umeipata kwa jasho. Tupige hesabu.

Laptopu nyingi za aina hiyo kioo chake kina pikseli 1366 kwa upana na 768 kwenda juu. Upana hauna neno, kasheshe iko kwenye kimo. Ule mkanda wa chini wenye saa na kitufe cha Start, kwa kawaida unakula pikseli 40 kwenye Windows 10, na 48 kwenye Windows 11. Juu nako kuna mkanda wa jina la programu na ule mnene wa vitufe vya Word. Ukiingia intaneti, unakuta mkanda wa anwani na wa kurasa ulizohifadhi. Kila mmoja anataka pake, barua yako inabaki inachungulia dirishani!

Ni kama chumba cha kupanga. Kitanda humo humo, jiko humo humo, ndoo za maji humo humo. Mjanja hakimbilii kuhama, anasukuma sanduku uvunguni.

Juzi nilipita steshenari moja kuchapisha barua. Dada wa pale kila akiandika mistari mitatu anapandisha ukurasa, anashusha, anapandisha. Foleni imefika mlangoni, na bosi wake anamfokea mbele za watu eti mzito. Nikamwomba kiti kidogo. Nikabonyeza Ctrl pamoja na F1, mkanda wa Word ukajikunja. Nikabofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ule mkanda wa chini, nikaingia "Taskbar settings", nikawasha "Automatically hide the taskbar". Ukazama! Ukiuhitaji, unapeleka mshale chini kabisa, unaibuka wenyewe. (Wa Windows 11, ingieni kwanza "Taskbar behaviors".)

Dada akaangalia kioo, akaniangalia mimi. "Kumbe nafokewa bure?"

Nikamwambia, dada yangu, ujanja huo upo tangu Windows 95.

Hiyo ni robo tu ya dawa. Kwenye intaneti bonyeza F11, ukurasa unajaa kioo kizima. Bonyeza tena, mambo yanarudi kama zamani. Kama laptopu yako inabisha, shika na Fn. Maandishi yakiwa makubwa mno, shika Ctrl na alama ya kutoa, yanapungua. Ctrl na 0 inayarudisha. Ila usiyapunguze mpaka ukakodoa macho kama unatafuta sindano, macho hayana mtumba.

Una programu tano zimefunguka, zinakanyagana? Shika Ctrl, kitufe cha Windows na D kwa pamoja. Unapata uwanja mwingine mtupu. Weka kazi huku, miziki na soga kule, kisha hama kwa Ctrl, Windows na mshale wa kulia au kushoto. Ni chumba cha pili, na mwenye nyumba hapandishi kodi! Kitu hiki kipo tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015.

Sasa lile jalala la vipicha pale mbele, CV kumi na picha za harusi ya binamu. Kuna wanaobofya kulia, wakaenda "View", wakaondoa alama kwenye "Show desktop icons". Kioo kinang'aa, lakini hapo umefunika tu, hujafagia. Mafaili hayo kwa kawaida yanakaa kwenye C, palepale ilipo Windows. Siku fundi akiifuta C apige Windows upya, vyote vinakwenda na maji, CV ikiwemo. Tengeneza folda mbili tatu, hamishia D kama ipo, na nakala weka kwenye flashi. Hii ndiyo kazi ya leo jioni, usiilaze.

Na wewe unayechora ramani au kuhariri video kutwa nzima, sikukatazi kioo kikubwa. Lakini kabla hujaenda dukani, angalia ubavuni mwa laptopu kama kuna tundu la HDMI. Chomeka waya kwenye televisheni ya nyumbani, bonyeza Windows na P, uchague. Omba ruhusa kwanza, usije ukakatiza tamthilia ya mama!

Wiki ijayo, Mungu akipenda.