Breki Zilizorudi Zenyewe



Nimeulizwa mara nyingi, na wengine wameniuliza kwa hasira, kwa nini mwaka huu watoto wa madrasa ya mtaani kwetu hawakwenda Maulidi ndani ya lori letu kama ilivyokuwa ada. Nilikusudia kunyamaza, kwani mambo ya nyumbani yana sitara yake. Lakini maneno yamekuwa mengi, na naona huenda katika kisa hiki wamo wenzetu wengine wenye magari ya kale uani mwao.

Wanaotufahamu wanalijua lori lenyewe. Wasiotufahamu na wafikirie kichwa kilichochongwa kama sanduku, magurudumu manne makubwa, moja kila pembe, badala ya yale ya nyuma kuwa pachapacha kama ya malori ya kawaida, na juu ya paa tundu la mviringo lenye mfuniko, ambamo askari alikuwa akisimama kutazama mbele. Ni Bedford ya aina ya M, iliyoundwa Uingereza kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jeshi likichoka na magari yake huyanadi. Katika miaka ya 1980 na 1990 makampuni ya kusafirisha watalii kwa njia ya nchi kavu yalinunua mengi ya aina hii, yakayatia viti, yakaja nayo hadi huku Afrika Mashariki. Letu lilikuja kwa mlango huo. Likachoka mara ya pili, likauzwa Arusha, na baada ya kupita mikononi mwa watu wawili likafika kwetu Usambara, sasa ni miaka 11.

Mwenzangu aliuza kiwanja ili alinunue. Juu ya kiwanja kile sitasema zaidi, kwa sababu tulikwisha sameheana, na kwa sababu kila nipitapo pale naona nyumba ya mtu mwingine imekwisha ezekwa bati.

Lazima niseme haki: lori limetulisha. Huku milimani, ng'ambo ya Lushoto, zipo njia ambazo wakati wa masika gari la kawaida hubaki limekaa matopeni mpaka jua litoke. Bedford huvuta kwa magurudumu yote manne, na lina gia ya chini ya ziada ambayo ukiiingiza, lori hupanda polepole kama mzee mwenye bakora, lakini hupanda. Limeshusha kabichi, karoti na viazi hadi Mombo kwa miaka yote hiyo, na ada za shule za watoto watatu zimetoka katika bodi lile.

Gharama zake nazo ni za kijeshi. Likiwa tupu hunywa lita moja ya dizeli kwa kila kilomita nne, likipakiwa, msiniulize. Injini imekaa nyuma ya viti, hata safari ikiwa ndefu mgongo wa dereva huokwa kama mkate. Umeme wake ni wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Mwenzangu, kwa kupenda kwake kaswida, alifunga redio akachukua umeme katika betri moja tu. Redio iliimba vizuri. Betri ile ikawa inachoka peke yake, mwenzake akawa anachajiwa kupita kiasi, na katika mwaka mmoja tukazika betri mbili kabla fundi hajatueleza kwamba punda wawili wa mkokoteni mmoja hawalishwi kwa zamu. Na vipuri! Kampuni ya General Motors iliyokuwa na jina la Bedford iliachana na utengenezaji wa malori hayo katika miaka ya 1980, na kiwanda cha Dunstable kikauzwa mwaka 1987. Nasikia huko Pakistani Bedford za kiraia bado zinatembea, zimepambwa rangi na nakshi kama bi harusi. Huku kwetu kila mpira na kila bomba ni kazi ya kuulizia miji mitatu.

Sasa nije kwenye mabenchi. Lori lilipofika lilikuwa bado na mabenchi ya mbao ubavuni, yamefungwa kwa bolti. Hayakuondolewa. Na kijiji kikiona lori lenye mabenchi, hakioni tena lori la mizigo. Maziko ya mbali, lori. Harusi, lori. Ziara ya wanawake, lori. Maulidi, watoto wote wa madrasa ndani, dufu zikipigwa, na wawili wenye bahati wametoa vichwa katika tundu la paa. Hatukuwahi kumtoza mtu hata shilingi. Mwenzangu aliihesabu kuwa ni sadaka yake, na mimi niliona fahari, nakiri, kusimama mlangoni nikitazama lori letu likiondoka limejaa watoto waliovaa kanzu nyeupe.

Alhamisi moja, siku mbili kabla ya Maulidi, alikuwa akishuka na shehena ya kabichi kuelekea Mombo. Wanaoijua barabara ile wanajua kona zake: mlima upande mmoja, bonde upande wa pili. Alikuwa amechelewa, na wanunuzi wa Dar es Salaam hawangoji. Akashuka kwa gia kubwa kuliko ile anayopandia, akilizuia lori kwa breki muda wote. Katika kona moja akakanyaga pedali, ikazama hadi sakafuni kama mtu anayekanyaga matope. Akakanyaga tena, ikazama tena. Akalazimisha gia ndogo, akavuta breki ya mkono, kisha akaliegemeza lori kwenye mfereji wa upande wa mlima mpaka likasimama kwa kusugua ubavu wake katika mwamba. Kabichi zilimwagika. Yeye na utingo walitoka wazima, alhamdulillah.

Lililonitia hofu zaidi ni lililofuata. Wakakaa chini ya mti, wakaokota kabichi, ikapita kama saa nzima. Utingo akapanda kichwani, akakanyaga pedali kwa kujaribu tu. Ikawa ngumu, imesimama sawasawa kama haijawahi kuwa na neno. Akapiga kelele kwa furaha: "Mzee, breki zimerudi!" Wakaliwasha, wakashuka taratibu, wakauza kabichi, wakarudi nyumbani usiku.

Fundi alitufafanulia jambo hili siku ya pili, na naomba kila mwenye gari alisikie. Breki za lori hili ni za mafuta, zikisaidiwa na upepo wa tangi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, hata kama gari limelala. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 huchemka katika joto la zaidi ya nyuzi 200. Yakishanyonya maji kwa asilimia chache tu, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140 hivi. Ukishuka mlima mrefu mguu ukiwa juu ya breki, magurudumu huwaka moto, mafuta yakachemka, ukafanyika mvuke ndani ya bomba. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana husukuma. Mvuke hubonyea, na pedali ikazama bure. Gari likipoa, mvuke hurudi kuwa maji, na pedali husimama tena. Hakijapona kitu. Ugonjwa umejificha tu, ukingoja mlima mwingine.

Alipofungua nati ya kutolea upepo, mafuta yalitoka meusi kama kahawa ya barazani. Tukaulizana yalibadilishwa lini. Hakuna aliyekumbuka. Miaka yote tulikuwa tukiongeza, tukijiona tunatunza.

Lakini nimetangulia. Usiku ule wa Alhamisi mwenzangu alikula kimya, kisha akanieleza yote, na mwisho akasema, "Ila sasa breki zipo." Nikamjua anakotaka kwenda. Jumamosi ilikuwa imekwisha pangwa. Mwalimu wa madrasa alikuwa ametangaza, wazazi wameshona kanzu. Na hakuna aliyeona kilichotokea isipokuwa utingo, ambaye angenyamaza akiambiwa anyamaze.

Nikamwambia, "Baba watoto, leo ungekuwa umebeba wanetu?"

"Nilibeba kabichi."

"Na keshokutwa?"

Hakunijibu. Akatoka uani, na nikamwona kwa muda mrefu amesimama na tochi, anamulika gurudumu.

Ijumaa fundi alisema angeweza kutia mafuta mapya kabla ya magharibi, na lori likawa tayari kwa Maulidi. Nilikuwa karibu, nimeleta chai. Nikamuuliza kama yeye angempandisha mwanawe. Akafuta mikono kwa kitambaa, akafuta tena vidole kimoja kimoja, akasema angependa kwanza afungue magurudumu yote manne. Kwangu hilo lilitosha. Mwenzangu naye alilisikia. Baada ya sala ya Ijumaa alimfuata mwalimu wa madrasa, akamweleza mbele ya wazee wawili, bila kuficha gia aliyoshukia wala mafuta yasiyobadilishwa. Nadhani ni vigumu kwa mwanamume kueleza hivyo, na nilimheshimu siku ile kuliko siku aliyonijia na posa.

Hawakutushukuru. Mmoja alisema ajali ni kadari, na lililoandikwa halina pa kukimbilia. Nami naamini kadari kama yeye. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na yule mtu habari ya ngamia wake, alimwelekeza kumfunga kwanza, ndipo amtegemee Mola. Na mzazi anapokukabidhi mtoto wake akapanda garini mwako, hiyo ni amana kama amana ya fedha. Tofauti ni kwamba hii ikipotea huna cha kulipa. Mzee wa pili alisema neno ambalo bado linanichoma: "Kabichi mnabeba, watoto wa Kiislamu mnakataa."

Maneno haya yana ukweli ndani yake, tena si ule alioukusudia. Kabichi ikimwagika huokotwa.

Watoto walikwenda kwa Coaster mbili za kukodi. Nusu ya nauli tulitoa sisi, na nusu ikachangwa, ndiyo hasira yenyewe ilipoanzia. Lori lilikaa juu ya magogo wiki mbili na siku tatu. Fundi alikuta mpira mmoja wa breki wa mbele umepasuka ngozi ya nje, na silinda ya gurudumu la nyuma ikivuja, mafuta yamelowesha viatu vya breki. Ada ya muhula ya binti yetu wa pili ilichelewa. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili, basi mimi ndiye niliyeketi kwenye usukani, miguu haifiki vizuri, mwenzangu akiwa chini ya lori: "Kanyaga. Shikilia. Achia." Gurudumu kwa gurudumu, mpaka mafuta yakatoka meupe yasiyo na povu. Sasa tunayabadilisha kila mwaka mwezi wa Shaaban, na kushuka Mombo ni kwa gia ile ile ya kupandia, wanunuzi wangoje wasingoje.

Mabenchi aliyafungua mwenyewe. Breki zilikuwa zimekwisha tengenezwa wakati huo, na jirani mmoja akamwuliza kwa nini anayaondoa ilhali lori ni zima. Akajibu kwamba mabenchi yakibaki, atakuja mtu usiku na maiti na machozi, naye hataweza kukataa. Askari walikaa juu yake kwa amri. Hawa wetu hupanda kwa kutuamini. Mabenchi sasa yako madrasani. Yana matundu ya bolti, na mwalimu analalamika kwamba watoto wanatia vidole humo badala ya kusoma.

Kwa maziko, lori hubeba udongo, mbao na maji bure, kama zamani. Watu, hapana.

Mzee wa kabichi nikimwamkia huitikia "Marahaba" akitazama pembeni. Wiki iliyopita alimtuma mjukuu wake kuomba lori limletee matofali. Lilikwenda. Mtoto alitaka kurudi amekaa nyuma, juu ya matofali, apungie wenzake. Mwenzangu akamketisha mbele kando yake, akamfungulia mfuniko wa tundu la paa aone mawingu, akamkataza kusimama.