Miradi ya Kuku Ianze na Chanjo

Kuku wa kienyeji ni akiba ya mnyonge. Katika vijiji vya Tanzania, kaya isiyo na ng'ombe wala mbuzi aghalabu haikosi kuku uani. Ndiye anayeuzwa mtoto anapohitaji daftari, ndiye anayechinjwa mgeni anapobisha hodi, na mara nyingi ndiye mali pekee iliyo mikononi mwa mama. Mradi wa kuku unapovunjika, hasara haiishii katika vitabu vya halmashauri. Huingia jikoni mwa mwananchi.

Miradi mingi ya aina hii imekuwa ikivunjika kwa njia ile ile. Banda hujengwa, majogoo na mitetea ya mbegu bora hununuliwa, kiongozi hualikwa kuwakabidhi, na taarifa hupelekwa wilayani kwamba lengo limefikiwa. Miezi michache baadaye kideri hupita. Banda hubaki tupu, kikundi hubaki na deni, kisha husemwa kwamba wananchi hawana mwamko. Kauli hiyo si ya haki. Aliyepewa kuku bila chanjo amepewa mtungi uliotoboka, akalaumiwa kwa kutofikisha maji nyumbani.

Kideri huweza kuua karibu kuku wote wa kijiji. Hakina dawa, lakini kina kinga. Chanjo ya I-2 hutengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Hustahimili joto kuliko chanjo za kawaida, nayo hutolewa kwa tone 1 jichoni, kila baada ya miezi 3. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko alio nao mfugaji mmoja. Kwa hiyo kuchanja ni kazi ya kijiji kizima kwa siku moja, na kazi ya pamoja haifanyiki bila kupangwa. Hapo ndipo wajibu wa mtumishi wa serikali unapoanza.

Hatua ya pili ni vifaranga. Tetea anayeatamia mara 3 kwa mwaka na kuangua vifaranga 10 kila mara, huleta 30. Mwewe, kicheche na baridi wakibakiza 10 tu, kaya imepoteza 20, na mbegu bora isingewaokoa. Tenga, chakula kidogo na mahali pakavu pa kulala huokoa wengi, kwa gharama ndogo kuliko banda la matofali.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yalizitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba mkopo wa kuku hakina budi kuulizwa kwanza kalenda ya chanjo, ndipo kiulizwe ramani ya banda. Na taarifa ya ofisa mifugo ihesabu kuku walio hai baada ya mwaka, badala ya waliogawiwa.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Siku ya chanjo ikitangazwa shuleni, itafika kila nyumba jioni ile ile, kwani watoto ndio wanaofungulia kuku asubuhi na kuwafungia usiku.

Kugawa kuku ni kazi ya siku moja. Kuwaweka hai ni kazi ya mwaka mzima, na kwa kazi hiyo ndipo watumishi wapimwe.