TIBA YA JENI NA SELIMUNDU: MAMA ASILAUMIWE, WACHUMBA WAPIME



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi, walezi na wanafunzi wapendwa, katika miaka ya karibuni zimeenea habari kuwa wataalamu wamepata tiba ya jeni, yaani tiba inayogusa maandiko ya maumbile yaliyomo ndani ya chembe za mwili. Wapo wanaosikia wakasema ni porojo. Wapo wanaosema ni kufuru. Na wapo wenye wagonjwa nyumbani ambao wamekaa kitako wakisubiri dawa hiyo ifike Kibondo. Kwa maoni yangu makundi yote matatu yanakosa faida iliyo kubwa zaidi, nayo ni elimu iliyoizaa tiba hiyo. Tiba yenyewe ni ghali mno, lakini elimu yake haiuzwi, na nyumba zetu zinaihitaji leo. Nitaeleza kwa mfano wa ugonjwa mmoja tulio nao, selimundu, ambao wengi tunauita siko seli.

HERUFI MOJA TU

Kila mwanafunzi wa madrasa anajua uzito wa herufi. Ukisoma qalb kwa qaf umetaja moyo. Ulimi ukiteleza ukasoma kalb kwa kaf, umetaja mbwa. Neno ni fupi, tofauti ni herufi moja, lakini maana imeharibika.

Basi fahamu, ewe mwanafunzi, kuwa ndani ya chembe za mwili wako mna maandiko ya namna yake, yenye herufi zipatazo bilioni 3. Kipande kimoja cha maandiko hayo, yaani jeni moja, kinaeleza jinsi ya kutengeneza hemoglobini, ambayo ndiyo inayobeba hewa safi katika damu. Kwa mgonjwa wa selimundu, herufi moja ya jeni hiyo imebadilika. Matokeo yake chembe nyekundu za damu, ambazo zinatakiwa ziwe duara na laini, hujikunja mfano wa mundu. Hukwama katika mishipa midogo, na hufa mapema. Hapo ndipo mtoto hupata maumivu makali ya mifupa, kuvimba vidole, macho ya manjano, kupungukiwa damu kila mara, na wengine hata kiharusi wakiwa wadogo.

Kwa makadirio yanayotumika sana, Tanzania huzaliwa watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Sababu ilianza kufahamika mwaka 1954, pale daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipoonyesha kuwa mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Ndiyo maana jeni hii imeenea katika nchi za mbu kama zetu. Anayeumwa ni yule aliyeirithi kutoka pande zote mbili.

BABA NA MAMA, SI MAMA PEKE YAKE

Hapa naomba wazazi wanaume wanisikilize vizuri. Mtoto hawezi kuugua selimundu kwa kurithi jeni ya mama pekee. Ni lazima apokee jeni moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mara nyingi wazazi hao wote wawili ni wazima kabisa, wanalima, wanasafiri, hawajui kuwa wamebeba kitu. Wakikutana wawili wa namna hiyo, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa mtoto mgonjwa. Si kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja basi watatu wanaofuata watasalimika. Kila mimba ina hesabu yake.

Sasa tazama yanayotendeka. Mtoto wa kwanza anaugua na kufariki, wa pili anaugua, na mama anaambiwa ana damu mbaya au ana mkosi wa kwao. Wengine huachwa. Wengine huelekeza kidole kwa bibi kizee wa jirani, akaitwa mchawi, na wapo hata wanaotaka asomewe halbadiri. Huku kote ni dhulma, na dhulma ni giza Siku ya Kiyama. Mume anayemwacha mkewe kwa sababu hii ameshatoa nusu ya maradhi hayo yeye mwenyewe, na akioa mwingine mwenye jeni kama hiyo atayakuta yale yale.

TIBA YENYEWE IKOJE?

Mtoto anapokuwa tumboni hutumia hemoglobini ya aina nyingine, ya kichanga, ambayo haina kasoro hii. Baada ya kuzaliwa mwili huizima kidogo kidogo, na ndiyo maana mtoto wa selimundu huonekana mzima miezi ya mwanzo, kisha huanza kuugua anapokaribia nusu mwaka au zaidi. Wataalamu walijiuliza: je, hemoglobini ile ya kichanga ikiwashwa tena?

Mwezi Julai 2019 mama mmoja wa Marekani, Victoria Gray, alitibiwa kwa njia hiyo. Chembe zinazozalisha damu zilitolewa mwilini mwake, zikakatwa kwa ustadi mahali panapozima hemoglobini ya kichanga, kisha zikarudishwa. Maumivu yaliyomtesa tangu utotoni yaliondoka. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo, iitwayo Casgevy, Novemba 2023, na Marekani ikafuata Desemba 2023. Bahrain na Saudi Arabia nazo zimeiidhinisha, kwani kwao maradhi haya ni mengi.

Lakini tusidanganyane. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, yaani zaidi ya shilingi bilioni 5. Isitoshe, mgonjwa hupewa kwanza dawa kali za kusafisha uloto, ambazo zinaweza kumzuia kupata uzazi. Na anayepona haondokewi na jeni aliyoirithi, bado anaweza kuwarithisha watoto wake.

JE, NI KUINGILIA UUMBAJI?

Swali hili ni la haki. Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokutana Makka mwaka 1998, lilieleza kuwa inajuzu kutumia elimu ya jeni kwa kuzuia au kutibu maradhi, maadamu haileti madhara makubwa zaidi, na haijuzu kuitumia kwa kuchezea maumbile ya mwanadamu. Mpaka huo una maana. Mwaka 2018 mtaalamu mmoja wa China alitangaza kuwa amebadili jeni za watoto mapacha kabla hawajazaliwa, mabadiliko ambayo yanaweza kurithiwa na vizazi. Wanasayansi wenzake walimlaani, na mwaka 2019 mahakama ya kwao ilimhukumu kifungo. Kutibu damu ya mgonjwa aliye mbele yako ni jambo moja. Kuandika upya nasaba ya watu ambao hawajazaliwa ni jambo jingine.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Allah hakuleta maradhi ila ameleta na dawa yake. Anayeitafuta anatekeleza mafundisho, hashindani na Muumba.

TUFANYE NINI SISI WA KIBONDO NA KASULU?

Kwanza, wachumba wapime kabla ya nikaha. Saudi Arabia imelifanya jambo hili kuwa sharti tangu mwaka 2004, na wanaokutwa na jeni hushauriwa, hawalazimishwi kuachana. Kwetu si sharti, lakini mashekhe na maimamu wanaweza kulihimiza katika mawaidha yao. Atakayesema kuwa kupima ni kukimbia qadari na akumbuke kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alipoacha kuingia Sham wakati wa tauni alifahamisha kuwa anatoka katika qadari ya Allah kwenda katika qadari ya Allah.

Pili, mtoto mwenye dalili apelekwe hospitali, asiishie kwa mganga. Ipo dawa ya kumeza iitwayo haidroksiurea, ambayo huongeza hemoglobini ile ile ya kichanga inayotafutwa na tiba ya mabilioni. Utafiti uliofanywa Uganda, Kenya, Kongo na Angola, ukatangazwa mwishoni mwa 2018, ulionyesha kuwa watoto waliopewa dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo. Hainunui uponyaji kamili, lakini inanunua uhai. Tena mtoto apate kinga ya penisilini akiwa chini ya miaka mitano, na alale ndani ya chandarua, kwani akishakuwa mgonjwa wa selimundu malaria ni hatari kubwa kwake. Kwa mwenye ndugu wa damu anayelingana naye upo pia upandikizaji wa uloto, ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma iliuanza kwa watoto wa selimundu mwaka 2023.

Tatu, walimu wenzangu. Baridi na kiu huamsha maumivu ya ugonjwa huu, na mnaijua asubuhi ya Kibondo mwezi Juni na Julai. Mtoto huyu apewe maji ya vuguvugu kwa udhu, aruhusiwe kuvaa sweta, kunywa maji na kwenda chooni bila kugombezwa, wala asiitwe mvivu anapokosa darasa. Ramadhani ikifika asishindanishwe na wenzake. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na kauli ya daktari wake isikilizwe.

Nne, ni kwenu wanafunzi. Tangu 2004 watafiti wa Kitanzania pale Muhimbili, wakiongozwa na Profesa Julie Makani, wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu, na kazi yao inajulikana duniani. Hao nao walianzia kwenye dawati la shule. Msiache baiolojia na kemia kwa kudhani kuwa ni elimu ya wengine. Bei ya tiba ya jeni haitashuka kwa kuiombea tu, itashuka pia siku watoto wa nchi hizi watakapoweza kuitengeneza.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wazazi wao, na atupe elimu yenye manufaa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.